Sauti Inapopanda Ndani ya Ndizi

Ukimwambia mtu wa Tarime kwamba unasomea uhandisi, atakuuliza utamaliza lini. Ukimwambia unasomea udaktari, ataanza kukueleza goti linalomsumbua tangu masika. Ukimwambia unasomea isimu ya lugha, atakutazama kidogo, kisha atakuuliza lile swali ambalo nimeulizwa na makondakta wa Sirari, na mjomba wangu, na mama mmoja muuza dagaa: "Kwani wewe hujui kuongea?"

Swali lenyewe si baya. Mimi sikuingia katika isimu kwa mapenzi. Nilisoma HKL kidato cha tano na cha sita, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, kwa kuwa hisabati tulikuwa tumeshaachana kwa amani. Nilipofika chuo kikuu Dar es Salaam nilidhani shahada ya Kiswahili ni mashairi, riwaya na insha. Wiki ya kwanza nikakabidhiwa orodha ya vitabu vyenye majina yanayosikika kama vyama vya ushirika wa pamba: SAMAKISA, SAMIKISA, FOKISA. Cha kwanza kinahusu maumbo ya maneno, cha pili miundo ya sentensi, cha tatu sauti na kanuni zake. Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili nchini amevipitia, au walau amedesa notisi zake usiku wa kuamkia mtihani akiomba asipate sapu.

Jina la Profesa David Massamba limo katika vyote vitatu. Tulilizoea kiasi cha kusahau kwamba ni jina la mtu. Kisha siku moja, nikitafuta jambo jingine kabisa maktabani, nikakuta kwamba tasnifu yake ya udaktari, aliyoiandika mwaka 1982 katika Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, haikuhusu Kiswahili. Ilihusu mkazo na toni katika Ciruri. Ciruri! Lugha ya kandokando ya ziwa, upande wa Musoma, ambayo nyumbani kwetu tulikuwa tukiisikia kwa wauza samaki na kuwaigiza tukicheka.

Nikaanza kufukua. W. H. Whiteley, Mwingereza aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa Chuo cha Uchunguzi wa Kiswahili kilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1964, chuo ambacho baadaye kilikuja kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) na leo ni sehemu ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), naye udaktari wake wa mwaka 1955 hakuupata kwa Kiswahili. Aliupata Chuo Kikuu cha London kwa kuandika juu ya kitenzi cha Kikurya. Yaani mkurugenzi huyo wa uchunguzi wa Kiswahili alikuwa ameshapambana na kitenzi cha bibi yangu miaka tisa kabla.

Sikumweleza bibi habari za Whiteley. Nilimpigia simu nikamwomba anitamkie sentensi moja.

Nieleze sasa kwa nini kitenzi cha Kikurya kimewasumbua watu, maana hapa ndipo penye utamu.

Kiswahili ni lugha ya mkazo. Tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na karibu kila neno linafuata hivyo. Kikurya ni lugha ya toni: sauti hupanda na kushuka, na kupanda kwenyewe ni sehemu ya sarufi, sawa na kiambishi. Hilo si ajabu, kwa sababu lugha nyingi za Kibantu zina toni, na Kiswahili ndicho kilichoipoteza. Ajabu ya Kikurya iko katika mahali ambapo sauti huanza kupanda. Chukua kitenzi *hootootera*, kumtuliza mtu. Wanaisimu wamekipenda mno kitenzi hiki kwa sababu ni kirefu, na urefu unahitajika kwa kazi hii. Hesabu vipande vya irabu kuanzia mwanzo wa mzizi: irabu fupi ni kipande kimoja, irabu ndefu ni viwili. Kipande kimoja huitwa mora.

Ukisema tumeshamtuliza, sauti inapanda kwenye mora ya kwanza. Ukisema tumekuwa tukimtuliza, mora ya kwanza inabaki chini na sauti inapanda kwenye ya pili. Ukisema tutamtuliza, subiri hadi ya tatu. Ukisema tunakaribia kumtuliza, subiri hadi ya nne. Ikishapanda, inatembea juu hadi silabi ya pili kutoka mwisho, kisha inashuka. Viambishi navyo hubadilika kulingana na njeo, lakini mzizi ni uleule. Kinachohama ni mahali pa kupandia.

Mtoto wa miaka minne pale Nyamwaga anafanya hesabu hii akimfukuza mbuzi. Hakufundishwa na mtu. Mwulize mama yake kwa nini amepandisha sauti pale na si hapa, atakwambia ndivyo tunavyosema.

Wataalamu walishtuka kwa sababu moja. Katika lugha za dunia, kanuni za sauti kwa kawaida hushika ncha: mwanzo wa neno, mwisho wa neno, pengine kipande cha pili kutoka ncha. Ziko nadharia nzima zilizojengwa juu ya wazo kwamba sarufi haihesabu kwa vidole. Inaona pembeni na jirani wa pembeni, basi. Halafu inakuja lugha ya Tarime, na ya Kehancha kule Kenya, inahesabu moja, mbili, tatu, nne, na wala haijikwai.

Aliyeifungua mada hii kwa kina ni Mkurya mwenyewe, Leonard Chacha Mwita, kutoka upande wa Kenya, katika tasnifu yake ya mwaka 2008 ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Baadaye alishirikiana na Wamarekani wawili, Michael Marlo na Mary Paster, na makala yao ya mwaka 2015 ndiyo iliyonifanya nimpigie bibi simu. Walijiuliza: ikiwa njeo inadai mora ya nne, na kitenzi ni kifupi hakina mora nne, sauti itapanda wapi? Chukua kitenzi cha kula, ambacho mzizi wake ni *rya* tu. Sema tunakaribia kula ndizi: *torarya egetooke*. Mtu angetarajia toni ikose mahali pa kukaa, ipotee. Haipotei. Hesabu inavuka mpaka wa neno, inaingia katika nomino inayofuata, na sauti inapanda katikati ya ndizi.

Nililisoma hilo nikiwa bwenini, nikacheka peke yangu hadi mwenzangu akaniuliza kama boom limeingia.

Bibi nilipomwomba aseme maneno hayo, alinyamaza. "Ni akina nani wanaokaribia kula ndizi?" Nikamwambia hakuna mtu bibi, ni mfano tu. "Mjukuu wangu, umepiga simu kutoka Dar es Salaam kuniuliza habari za ndizi zisizokuwepo?" Lakini alisema. Na sauti ikapanda palepale ilipoandikwa kwenye makala.

Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha anapoanza kujua kazi yake ni ipi. Darasani unafundishwa istilahi: fonimu, alomofu, kirai, kishazi. Zina faida, ila ukizikariri tu utakuwa umejua majina ya vifaa bila kushika kifaa. Nyumbani unafundishwa kuuliza, na kuuliza ni kugumu. Ukimwuliza mzee "neno hili lina toni gani?" hutapata kitu, maana ni sawa na kumwuliza anakunja goti kwa msuli upi. Ukimwambia "hivi ndivyo inavyosemwa?" atakubali kwa heshima hata kama umesema upuuzi, hasa kama umemletea sukari. Njia niliyoiona inafaa ni kumfanya asimulie, urekodi, kisha urudi kwenye sentensi moja moja ukibadilisha kitu kimoja tu: mtu mmoja kuwa wawili, jana kuwa kesho, ndizi kuwa ugali. Na unapotaka toni, mwombe aseme neno huku amefumba mdomo, kwa kuguna. Herufi zinaondoka, mlima na bonde la sauti vinabaki. Wazee wengine hulifurahia hilo. Mmoja wa Nyamongo aliniambia kwamba mpiga *iritungu* mzuri, kile chombo chetu cha nyuzi, huwafanya watu wasikie maneno hata kabla hajaimba, na kama ninataka toni nikakae na wapigaji hao, niache kuwasumbua wagonjwa wa miguu.

Usirekodi jirani na zizi jioni. Usirekodi siku ya mnada.

Baada ya chuo nilipangiwa kufundisha sekondari wilaya ya Serengeti, si mbali sana na Mugumu. Mtu wa Tarime akija huku hudhani amehamia kwa binamu zake, na kweli ni binamu, ila kila kijiji kina binamu wake. Kuna Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye, Wakurya waliohamia, na Watatoga ambao lugha yao si ya Kibantu kabisa. Katika mfumo wa Malcolm Guthrie, aliyezigawa lugha za Kibantu kwa herufi na namba, Kikurya ni E43 na Kinata ni E45. Namba ziko jirani. Lakini mwalimu mwenzangu kutoka Natta akizungumza na mama yake kwa simu, mimi huokota maneno mawili matatu kisha najifanya nimeelewa.

Swali la ipi ni lugha na ipi ni lahaja ulipeleke polepole huku. Ndani ya Kikurya chenyewe, Mwirege na Mnchari na Mtimbaru kila mmoja ana yake, na kila mmoja atakwambia kwamba ile safi ni ya kwao. Kisimbiti, Kikabwa, Kihacha na Kisweta, ambazo nyingi ziliangukia Rorya wilaya hiyo ilipokatwa kutoka Tarime mwaka 2007, huhesabiwa na wengine kuwa lugha na wengine kuwa lahaja. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliochapisha atlasi yake mwaka 2009, ulikuta nchini lugha zaidi ya 150. Mtu wa siasa atauliza kwa nini nyingi hivyo. Mtu wa isimu atauliza mpaka umepigwa wapi, na nani aliyeulizwa.

Lakini nataka nikae kidogo na Kinata, kwa sababu kina jambo ambalo Kiswahili hakina, na ambalo sikuwahi kulifikiria.

Nomino za lugha nyingi za huku zina irabu ya mwanzo. Sisi tunasema *mtu*, Mkurya anasema *omonto*, na hiyo o ya mbele kabisa ndiyo ninayoizungumzia. Vitabu vya zamani viliipita haraka: wengine walisema ni pambo, wengine walisema ni kama vile Kiingereza kinavyotenga kitu kinachojulikana na kisichojulikana. Kisha akatokea Joash Gambarage, ambaye Kinata ni lugha yake ya kuzaliwa. Katika tasnifu yake ya mwaka 2019 ya Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, alionyesha kwamba irabu hiyo katika Kinata haishughuliki na kujulikana. Inashughulika na imani ya msemaji. Ukiiweka, unaonyesha kwamba unaamini kitu hicho kipo. Penye kukanusha au kuuliza unaweza kuiacha, na ukiiacha, hujajifunga kwa imani hiyo.

Fikiria sentensi "sikuona mbuzi." Kwa Kiswahili naweza kuisema nikiwa namtafuta mbuzi wangu aliyepotea, na naweza kuisema nikiwa nimepita mahali ambapo hapakuwa na mbuzi hata mmoja. Sentensi ni ileile. Utanielewa kwa muktadha, au utaniuliza. Mnata hahitaji kuulizwa. Irabu moja inamwambia msikilizaji kama msemaji anaamini yuko mbuzi mahali fulani.

Nilimwuliza yule mwenzangu wa Natta kama ni kweli. Alikuwa anasahihisha madaftari. Akasema sentensi moja, akasema ya pili, akarudia ya kwanza, akaweka kalamu chini. Aliniambia kwamba ameitumia maisha yake yote na hajawahi kuiona. Kisha akasema jambo ambalo sijaliona kwenye makala yoyote, kwamba sasa ameelewa kwa nini mama yake humshika uongo kwenye simu.

Kuna wengine wanaofanya kazi hizi. Lotta Aunio wa Chuo Kikuu cha Helsinki ameandika juu ya toni za Kiikoma na za jirani zake. Mholanzi Jelle Cammenga ana kitabu kinene cha fonolojia na mofolojia ya Kikurya cha mwaka 2004. Shirika la lugha la SIL limekuwa na ofisi Musoma na limeshughulika na alfabeti za lugha kadhaa za mkoa huu. Orodha inaridhisha, na pia inakera kidogo: mwanafunzi wa Tarime anayetaka kusoma sarufi ya lugha ya mama yake ataipata kwa Kiingereza, katika vitabu ambavyo bei yake inazidi ya ndama, au katika tasnifu zilizoandikwa kwa ajili ya watu wenye shahada tatu. Kwa Kiswahili cha kusomeka na mtu wa kidato cha nne hakuna kingi.

Kwa hiyo darasani ninaiba. Mtaala unanitaka nifundishe ngeli na uundaji wa maneno, na mfano wa kitabuni ni *m-tu*, *wa-tu*. Mimi naongeza *omonto*, *abanto*, na kumwomba aliye na Kiikoma aseme yake, na mwenye Kingoreme yake. Ubao unajaa. Ghafla kiambishi, ambacho kwa miaka mitatu kilikuwa neno la mtihani, kinaonekana kwa macho: kinajirudia, kinabadilika kidogo, kinajirudia tena. Kutoka hapo nawapa Sheria ya Dahl, iliyopewa jina la Edmund Dahl, mmisionari Mjerumani wa Unyamwezi, na kutangazwa na Carl Meinhof mwaka 1903. Kulima kwa Kikurya ni *okorema*, kupiga ni *ogotema*. Mbona *oko* imekuwa *ogo*? Kwa sababu t haina mghuno, na Kikurya hakipendi konsonanti mbili za namna hiyo zifuatane katika silabi jirani, basi k ya kwanza inageuka g. Ndiyo maana sisi tunasema Kikurya, na wenyewe wanasema *Igikurya*. Nchini Kenya Kikuyu kinafanya vilevile, na wenyewe hukiita Gĩkũyũ. Nikifika hapo huwa kuna mwanafunzi wa nyuma anayenyoosha mkono kwa mara ya kwanza tangu Januari.

Nawaambia pia juu ya r na l. Wakurya huchekwa nchi nzima kwa kusema *rara* badala ya *lala*. Kikurya hakina l katika mfumo wake wa sauti, na sikio lililolelewa bila tofauti hiyo halina sababu ya kuisikia mpaka lifundishwe. Mngoni wa Songea akihamishiwa Tarime atahangaika na irabu za Kikurya kwa namna hiyohiyo, maana zipo saba, na hakuna atakayemtungia vichekesho redioni. Kwenye mtihani bado nakata maksi ya *rara*. Kiswahili sanifu ndicho kinachotahiniwa. Ila nakata bila kumcheka mtu.

Irabu saba hizo ndizo ugomvi wetu wa sasa. Wanafunzi wangu wa Kikurya wanaandikiana kwa Kikurya kwenye simu usiku, kwa herufi tano za irabu za Kiswahili, bila alama ya toni hata moja, na wanaelewana. Mimi nashikilia kwamba e mbili tofauti zinahitaji kuandikwa tofauti, na o mbili vilevile. Ndivyo wanavyofanya wataalamu, kwa herufi ε na ɔ. Wao wanasema herufi hizo hazipo kwenye kicharazio, na asiyejua neno hatalijua hata likiwekewa kofia. Binti mmoja wa kidato cha tatu, mzaliwa wa Sirari, alipendekeza kwamba irabu zile mbili pana ziandikwe kwa herufi kubwa: *egetOOkE*. Wenzake walicheka. Nililiandika ubaoni. Linasomeka. Tatizo ni jina la mtu linaloanza na O, na mwanzo wa sentensi, na hapo ndipo tulipokuwa kengele ilipogonga, kila upande ukidai umeshinda, na Mwikoma mmoja akiuliza kwa nini hakuna aliyeuliza Kiikoma kina irabu ngapi.